Kabla Wembe Haujagusa Jani

Msikilizaji, chuma jani la mwarobaini. Lioshe, lichovye kwenye spiriti mpaka vijidudu vya juu vife, likate kwa wembe, kisha ulilaze kwenye kisahani cha maabara chenye chakula cha vimelea. Baada ya siku chache, pale penye mkato, zitachomoza nyuzi nyeupe, laini kama pamba. Hiyo ni kuvu, ndugu wa ukungu unaoota juu ya kiporo. Ilikuwa ikiishi ndani ya jani, na jani halina hata doa.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kuvu ya mti wa yew inatengeneza taxol, dawa ya saratani. Mwaka 2012 ikaelezwa kuvu iliyotolewa kwenye mwarobaini wa India, nayo hutengeneza azadiraktini, ile sumu ya wadudu tunayoijua kwenye mbegu za mwarobaini. Kumbe mganga anapochemsha gome, huenda sufuriani mna kazi ya wawili: mti na mpangaji wake.

Kwetu Nyamisangura, hapa mjini Tarime, hii ni habari njema. Mti ukichunwa gome kuuzunguka, hukauka. Kuvu ikifugwa chupani, mti unapona. Naifurahia sana habari hiyo, na bado inanitia wasiwasi.

Nitawaambia kwa nini. Miaka ya 1970, kule Shimba Hills, Kwale, nchini Kenya, zilivunwa zaidi ya tani 27 za mmea uitwao Maytenus buchananii, zikapelekwa Marekani kwa utafiti wa saratani. Baadaye ikagundulika kwamba kuna bakteria anayetengeneza kemikali za ukoo mmoja na zile za mmea huo. Naam, huyo ni bakteria, si kuvu, lakini njia ni ile ile. Leo sumu iliyomo kwenye trastuzumab emtansine, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, huanzia kwa bakteria wanaofugwa kwenye matangi. Hakuna lori linalohitaji kurudi Kwale. Miti imeachwa ipumzike, na wenye miti hawatafutwi tena.

Sheria yetu ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtambua mganga. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inataka faida igawanywe na wenye maarifa. Lakini mzee wa Tarime anapomwonyesha mtafiti mti, wote wawili huwa wanafikiria majani. Jani moja bahashani linatosha kuondoka na kuvu yote.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa kata na vijiji vyetu: mkataba utaje jani, gome na mzizi, na utaje pia kila kilicho hai ndani yake kinachoweza kuota kisahanini. Jina la mzee aliyeonyesha mti liandikwe humo. Na usainiwe kabla wembe haujagusa jani.