Kilio cha Adui

Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Aeschylus wa Athens, Ugiriki, alifanya kinyume: alimlilia.

Mwaka 480 kabla ya Kristo, jeshi la Mfalme Xerxes wa Uajemi liliuchoma moto mji wa Athens. Mwaka huo huo Wagiriki wakaziangamiza merikebu zake huko Salamis. Mwaka 472, Aeschylus, askari wa zamani aliyepigana na Waajemi, alileta jukwaani mchezo uitwao “Waajemi”. Ndiyo tanzia ya Kigiriki kongwe kuliko zote zilizotufikia.

Mchezo wote unatokea Uajemi. Hakuna shujaa wa Kigiriki anayetajwa kwa jina. Tunamwona mama mfalme akingoja habari za mwanawe, tarishi akileta msiba, na Xerxes akirudi na nguo zilizochanika. Mzimu wa Darius, baba yake, unataja chanzo: kiburi.

Watazamaji walikuwa watu waliochomewa mji wao. Hata hivyo, Aeschylus alipewa tuzo ya kwanza. Wakati huo Athens nayo ilikuwa imeanza kutunisha misuli baharini. Washindi waliambiwa mapema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.