Dawa haitashinda nyumba mbaya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanamemba, Baraka)



Kila mwezi kasha ya umoja wetu inalipa dawa za wagonjwa. Ni vizuri. Lakini mimi ninayezunguka vijijini naona magonjwa yaleyale yanarudi: kuhara, malaria, kifua cha watoto. Tunamtibu mtoto, halafu tunamrudisha palepale palipomfanya mgonjwa.

Kivu yetu ilishafundishwa jambo hili kwa uchungu. Mwaka 1994 kule Goma, wakimbizi karibu 50,000 kutoka Rwanda walikufa katika mwezi wa kwanza. Wengi waliuawa na kolera na kuhara damu. Maji safi yalikosa, na ile ardhi ya mawe ya volkano ilikataa kuchimbwa vyoo.

Wengi wenu mliishi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Maisha kule yalikuwa magumu, lakini bomba lilikuwako. Mliposhuka mashua hapa, bomba lilibaki ng'ambo ya ziwa. Mashirika yanahesabu angalau litre 15 za maji kwa mtu kwa siku. Nyumba ya watu 8 inaomba bidoni 6 za litre 20. Mama anayechota ziwani akileta 2 tu, kunawa mikono ndiko kunaachwa kwanza.

Kuko na neno lingine tunaloogopa kulisema: parseli. Aliyerudi akakuta uwanja wa baba yake umekaliwa na mwingine, anapanga ao anajibanza kwa ndugu. Mwenye parseli anamkataza kuchimba choo, maana anaogopa kesho mpangaji atasema ardhi ni yake. Basi watu wanabanana chumba kimoja, chandarua kinakosa pa kufungwa, watoto wanajisaidia kando ya ziwa. Na ziwa hilohilo ndilo tunakunywa. Ugonjwa ulioanzia kwenye mgogoro wa ardhi hauponi kwa vidonge.

Kwa hiyo naomba mambo 3. Kwanza, kamati iende kwa shefu wa kijiji pamoja na wenye parseli, waandike karatasi: choo kichimbwe, lakini kisimpe mtu haki juu ya ardhi. Pili, nusu ya pesa ya msimu huu inunue sima ya vyoo na klorini ya kutia kwenye bidoni pale ziwani, mbele ya mvua kuanza. Tatu, wafadhili wetu, mkihesabu waliotibiwa, muhesabu pia wale ambao hawakuugua. Hawana foto ya kuonyesha, lakini ndio faida kubwa ya msaada wenu.

Wengine watauliza: mgonjwa wa leo afe? Hapana, nusu ingine inabaki yake. Lakini tukilipa dawa tu, kasha itaisha na kolera itabaki.

Sasa neno ni lenu, tuamue leo.