Silaha Tuliyoilinda Miaka 17

Masomo: Zaburi 127:1, Luka 22:35-38 na 47-51, Yohana 18:10-11

 

Baba mchungaji ametuomba sisi, mume na mke, tulete Neno pamoja na ushuhuda wetu. Tutasema "sisi" toka mwanzo mpaka mwisho. Ni mume aliyeipokea ile silaha, lakini mke alijua mahali ilipolala, akanyamaza. Hakuna mmoja wetu anayeweza kumwachia mwenzake mzigo huu.

Kwa miaka 17 tulikaa na bastola ndani ya nyumba yetu hapa Lubumbashi. Tuliimba katika kwaya, tulifunga na kuomba, tulitoa fungu la kumi, na bastola ilikuwa ndani ya ndoo ya unga.

1. Namna iliingia

Tarehe 9 mwezi wa 4, 1997, mji wetu uliingia mikononi mwa watu wa AFDL. Askari wa Mobutu walikimbia, na wengi walivua magwanda wasijulikane. Usiku mmoja wa siku zile kijana mmoja aligonga mlango wetu, akaomba nguo za raia. Alikuwa anatetemeka. Tulimpa suruali, shati na makopo mawili ya unga. Hakuwa na pesa, akaacha bastola juu ya meza, akaenda zake.

Tungeweza kukataa. Lakini tulikumbuka mwaka 1991, wakati askari wenyewe wa nchi walipopora maduka na nyumba za watu. Tukasema: safari hii wakija, watatukuta tayari. Kutoka siku ile tukawa na mlinzi mwingine, na hatukumwambia mtu.

Ilikuwa bastola aina ya Browning, ile askari wanaita GP. Ilitengenezwa na kiwanda cha FN, kule Herstal karibu na mji wa Liège, nchi ya Ubelgiji iliyotutawala mpaka 1960. Aliyeanza kuichora ni Mmarekani, John Browning, ambaye alifariki mwaka 1926 katika kiwanda hicho hicho kabla kazi haijaisha. Aliyeimaliza ni fundi Mbelgiji jina lake Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935. Kisanduku chake cha masasi kinaingia ndani ya mpini na kinabeba masasi 13. Yetu ilikuja na masasi 9.

Dieudonné, ndiyo kusema "aliyetolewa na Mungu". Kanisani kwetu wako wangapi wenye jina hilo! Siku tulipolisikia jina la yule fundi, mmoja wetu alisema: "Unaona? Ni Mungu mwenyewe ametuletea." Wapendwa, moyo ukikwisha kutaka kitu, hata jina la fundi utaligeuza kuwa unabii. Mujihadhari na unabii unaokubaliana na woga wenu.

2. Namna ilitutumikisha

Watu wanafikiri silaha inalala tu mpaka siku ya hatari. Si kweli. Chuma kinataka kuhudumiwa. Wakati wa masika unyevu unaingia kila mahali, na kutu haingoji. Kila wiki mbili, watoto wakilala, tulishusha pazia, tukaifungua, tukaipangusa kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, tukahesabu masasi: 9. Hatukuwahi kukosa zamu ile. Zamu ya maombi ya usiku tulikosa mara nyingi.

Tulihamisha mahali pake mara kwa mara. Kwanza juu ya dari, kisha chini ya gunia la makala, kisha ndani ya ndoo ya unga, imefungwa katika nailoni. Shangazi alipofika kutoka Kamina, tulimlaza sebuleni, tukasema chumba kina kunguni. Ndugu walipoomba kikundi cha maombi kikutane kwetu, tulisema nafasi ni ndogo. Askari walipofanya msako nyumba kwa nyumba, tulikaa kama watu wenye homa, kwa maana sheria ya silaha ya mwaka 1985 inataka kibali, na sisi hatukuwa nacho. Watoto tuliwafundisha kusema "baba hayuko", na baba yuko chumbani.

Na masasi yale hatukuwahi kuyajaribu hata moja. Yalikuwa ya zamani, labda yalikwisha kufa. Hatukuweza kumuuliza mtu. Kwa hiyo tulitumainia kitu ambacho hatukujua kama kitafanya kazi. Mungu tulikuwa tumemjaribu katika magonjwa ya watoto, katika miezi ya kukosa mshahara, naye hakutuacha. Lakini usiku mbwa akibweka, mkono ulikwenda kwanza kwenye ndoo ya unga.

Baada ya vita iliyoanza 1998 na kuisha 2003, kulikuwa mpango wa makanisa ulioitwa PAREC. Uliwaita watu wa Katanga warudishe silaha, na waliorudisha walipewa baiskeli. Tulisikia habari hiyo redioni. Tukapunguza sauti. Tukaambiana: "Hiyo ni ya Mai-Mai walio porini. Sisi ni Wakristo wa mjini."

Soma tena Zaburi ya 127. Inasema juu ya mlinzi anayekesha bure kwa kuwa Bwana hayuko katika ulinzi wake. Tulikuwa tunalihubiri andiko hilo kwa wengine. Nyumbani sisi ndio tuliokuwa tunakesha, na tuliyekuwa tunamlinda ni ile bastola. Tuliilinda na kutu, na macho ya wageni, na polisi, na watoto wetu.

3. Siku mtoto alipoikuta

Mwaka 2009 tulisikia kishindo usiku nyuma ya nyumba. Tuliitoa bastola, tukavuta sehemu yake ya juu, sasi moja likapanda. Kumbe ni paka juu ya bati. Asubuhi, katika haraka ya kwenda kazini, tulitoa kile kisanduku cha masasi tukafikiri tumemaliza. Hatukuhesabu. Masasi 8 yalikuwa katika kisanduku, na moja lilibaki ndani ya bastola.

Mtoto wetu wa kiume, miaka 7, alikuwa ametuchungulia mara nyingi nyuma ya pazia bila sisi kujua. Siku ile alifuata unga kwa ajili ya mama yake, akaikuta. Alivuta kidole, haikulia, kwa maana aina ile haikubali kupiga kisanduku kikiwa nje. Lakini alikwisha kuona kazi ya baba yake. Akakirudisha kisanduku mahali pake, akavuta tena.

Sasi lilipita katika mlango wa jikoni, likaingia katika ukuta wa parseli. Dada yake mdogo alikuwa pale anaosha sahani. Lilimpita kwa upana wa mkono. Tunawaambia ukweli, mpaka leo mke kati yetu akisikia sahani inaanguka, anatafuta yule binti yuko wapi.

Mume aliporudi mbio, alimkuta mtoto amesimama, bastola bado mkononi. Na lile la pili lilikuwa limekwisha kupanda. Silaha ya namna hii haingoji uitayarishe tena. Nguvu ya sasi la kwanza ndiyo inatupa ganda nje na kupandisha lingine, na kila ukivuta kidole moja linatoka. Hasira pia iko hivyo, wapendwa. Neno la kwanza likikutoka, la pili limekwisha kujipanga mdomoni.

Majirani walikuja mbio. Tukawaambia: "Ni gurudumu la gari limepasuka." Siku ile ile Mungu alipotuachia watoto wawili, sisi tulitoa uongo mlangoni.

Mutafikiri kwamba tuliirudisha siku ile. Hapana. Tulinunua kufuli. Tukakaa nayo miaka mingine 5.

4. Usiku wa jirani

Katika avenyi yetu, wezi wenye silaha wakiingia mahali, mtu wa kwanza kusikia anapiga sufuria. Wa pili anapiga, wa tatu anapuliza filimbi, mpaka mtaa mzima unalia. Mwizi anajua watu wote wameamka. Kabla ya bastola, sisi tulikuwa wa kwanza kupiga.

Usiku mmoja wa mwaka 2014 waliingia kwa jirani yetu, fundi wa viatu. Ukuta mmoja tu unatutenga. Mke wake alipiga kelele. Sufuria zikaanza upande wa juu, zikaja upande wa chini. Sisi tulikaa chini sakafuni, taa imezimwa, bastola mkononi, kimya. Tulisema moyoni: tukipiga sufuria, watakuja kwetu, tukipiga sasi, kesho polisi watauliza limetoka wapi. Nyumba zote zilipiga. Yetu peke yake ilinyamaza.

Wezi walikimbia kwa ajili ya sufuria. Lakini jirani alikwisha kukatwa panga katika mkono wa kuume, na mpaka leo hawezi kushika sindano ya viatu kama zamani. Labda tungepiga mapema, sisi tuliokuwa karibu zaidi, asingekatwa. Hatujui. Tutaulizwa siku ya mwisho.

Asubuhi mke wake alikuja kuomba maji ya moto. Alituuliza bila hasira: "Ninyi hamkusikia?"

Wapendwa, swali lile lilitupiga kuliko mahubiri yote tuliyowahi kusikia. Juma lile lile tulikwenda kwa baba mchungaji, tukatubu. Hatukuibeba bastola barabarani. Mchungaji alikwenda nasi kwanza kwa shefu wa kartye, kisha kwa polisi, tukaeleza, nao wakaja kuichukua wenyewe. Tuliulizwa maswali siku mbili. Tuliogopa gereza. Bwana alituhurumia, tukarudi nyumbani. Hatuwezi kumwahidi kila mtu kwamba kwake itakuwa rahisi.

Kisha tulikwenda kwa jirani, tukamwambia yote. Alinyamaza muda mrefu. Akasema: "Kumbe ninyi mlikuwa na bunduki, na aliyeniokoa ni mwenye kifuniko cha sufuria." Ilipita miezi kabla hajaingia tena katika parseli yetu. Hatukumlaumu.

5. Panga mbili za mitume

Mtu atatuuliza: Je, katika Luka 22 mitume hawakuwa na panga mbili, na Bwana akasema zinatosha? Ndiyo. Lakini soma mpaka mwisho wa habari. Panga mbili kwa watu kumi na mmoja, mbele ya kundi lenye silaha, hizo si za kushinda vita. Na ilipotumika moja, ilimpata nani? Si kuhani mkuu, wala si Yuda. Yohana anatupa jina lake: Malko, mtumwa aliyetumwa tu. Petro alilenga hatari, akakata sikio la mdogo. Na Yesu, usiku ule alipokuwa na sababu nyingi za kujitetea, muujiza wake wa mwisho kabla ya msalaba ulikuwa kuponya kile ambacho mtu wake amekata.

Kwetu pia ilielekea kwa mdogo, kwa binti mwenye sahani mkononi.

Tunajua woga wenu. Tunaishi katika mji huu huu, na usiku wake tunaujua. Hatusemi wezi hawako. Tunasema silaha iliyofichwa inamtenga mtu na jirani yake, na hapo anabaki bila mlinzi hata mmoja.

Kama iko kwako, fanya hivi. Mwambie mwenzako wa ndoa leo, kabla ya kulala. Usiibebe barabarani, usimpe mtu mwingine aiuze, usiitupe mtoni wala chooni ambapo mtoto ataiokota. Mwendee mchungaji wako mwenyewe, muende pamoja kwa wakubwa wa serikali. Na kama iko kwa jirani na wewe unajua, usimsengenye. Nenda ukapige hodi.

Nasi sote, tujifunze tena kupiga sufuria. Ukisikia jirani analia, amka.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyeponya sikio la Malko, uponye mkono wa jirani yetu, na dhamiri zetu. Ingia mahali tulipoficha vitu. Uwe wewe mlinzi wa nyumba hii, na sisi tuwe walinzi wa ndugu zetu. Katika jina lako tumeomba. Amina.