Mwamba Una Wenyewe: Kutafuta Maeneo ya Kuzamia Kaskazini mwa Lamu



Kaskazini mwa Pate, kupitia Ndau na Kiwayu hadi Kiunga, pwani ya Lamu ina mlolongo wa visiwa vidogo takriban 50 unaofuatana na ufuo kwa kilomita 60 hivi. Hoteli ni za kuhesabu. Mtalii anayetaka kuzamia kwa mitungi ya hewa huelekezwa Watamu, Diani au Kisite. Vijana wa Lamu wana haki ya kuuliza kwa nini haelekezwi kwao. Wavuvi nao wana haki ya kuuliza swali la pili: siku mwamba utakapopewa jina la kitalii, wao watavua wapi? Maswali haya mawili yanafaa kujibiwa pamoja, kabla mtungi wa kwanza haujateremshwa kutoka mashuani.

Kazi ya kutafuta eneo la kuzamia huanza nchi kavu, kwa kuuliza. Picha za setilaiti huonyesha maji ya kina kifupi kwa rangi hafifu, na povu huonyesha mahali mawimbi yanapovunjika. Lakini picha haisemi samaki gani yuko wapi na mwezi gani. Mzamiaji wa kamba wa Kizingitini, anayeshuka kwa pumzi yake tu, anajua pango lipi lina tewa, fungu lipi huchafuka kwa mchanga na mlango upi huvuta mtu nje. Maarifa hayo ni mali. Mgeni akiyachukua bila kuandika yalikotoka, na bila makubaliano ya malipo, atakuwa ameondoka na mtaji wa kijiji mfukoni.

Baada ya kuuliza, hutazamwa majira. Wakati wa kusi, bahari ya nje huwa kali na miamba mingi ya wazi haifikiki. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ndiyo hufungua njia, pamoja na tanga mbili kabla na baada yake. Hata hivyo, bahari ya Lamu haifanani na ya Kwale. Wakati wa kaskazi, mkondo unaoteremka kutoka Somalia hukutana na ule unaopanda kutoka kusini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda juu. Rutuba hiyo hulisha samaki kwa wingi, lakini pia hupunguza uangavu wa maji. Kwa hiyo atakayemwahidi mtalii maji kama kioo kila siku atamdanganya. Ahadi ya kweli ni uhai mwingi, nyasi za bahari, kasa, na bahati ikimpata mtu, nguva.

Saa nazo ni muhimu kama miezi. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita tatu hadi nne, na katika milango kati ya visiwa mkondo huwa na nguvu. Maji yanapotoka hubeba tope la mikokoni, na humvuta mtu kuelekea bahari kuu. Wakaguzi wenye busara huchagua maji mafu, na huingia mwisho wa kujaa, wakati maji safi ya nje yameshaingia na mkondo umetulia. Hupima kina kwa bildi au chombo cha sauti, na uangavu kwa kisahani cheupe kinachoshushwa kwa kamba hadi kisionekane tena. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Mahali pamoja hupimwa mara nyingi, katika mwezi mchanga na mwezi mpevu, kaskazi na kusi.

Kisha huja usalama. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu ya bahari. Ndiyo sababu mzamiaji mpya hafai kupita mita 18, na mzamiaji wa burudani hafai kupita mita 40. Akipanda kwa haraka, viputo vya gesi huweza kumjeruhi, hata kumpoozesha. Kabla ya kuandika kwamba eneo linafaa, mkaguzi ajibu: boti ya uokoaji iko wapi? Oksijeni iko? Ni saa ngapi hadi chumba cha tiba ya shinikizo? Huku kaskazini kuna swali jingine: vyombo vya usalama vimetoa kibali? Mwamba mzuri usio na majibu hayo si eneo la kuzamia bado.

Sehemu kubwa ya bahari hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979 na inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hadhi yake ni tofauti na ya mbuga za bahari kama Kisite: katika mbuga uvuvi umekatazwa, lakini katika hifadhi uvuvi wa kiasili unaruhusiwa. Tofauti hiyo ndiyo ngao ya mvuvi, na wakazi waifahamu vyema. Matumbawe nayo yanahitaji ngao. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika pwani ya Kenya, Kiunga ikiwemo. Nanga moja huvunja kwa dakika kilichokua kwa miaka mingi, kwa hiyo boya la kufungia boti litangulie mtalii. Na atakayekuta chungu au mbao za jahazi la kale chini ya maji asivichukue. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006.

Mifano ya ushirikiano ipo. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga takriban hekta 30 mwaka 2005, na samaki wakarudi. Wasini, katika Kaunti ya Kwale, kina mama walijenga njia ya mbao kati ya mikoko na matumbawe, na wageni hulipa kuipita. Katika pande zote mbili, uamuzi ulitoka kwa watu wa mahali.

Basi mkaguzi atakapofika kijijini, BMU na wazee wamuulize mambo manne kabla ya kumpa nahodha: ana vibali gani, ramani itakuwa ya nani, mwamba upi utabaki kwa wavuvi, na kwa miezi ipi, na kijana gani wa hapa atafundishwa kuzamia, kuongoza wageni na kutengeneza vifaa. Majibu yaandikwe, yasomwe hadharani kwa Kiswahili, na nakala ibaki kijijini. Katiba, katika kifungu cha 69, inaitaka Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kutunza mazingira. Kushiriki huko kunaanza kabla ya ukaguzi. Kusubiri hadi siku ya kukata utepe ni kuchelewa.

Maji yakishatangazwa, kuyarudisha ni kazi ngumu. Yaulizwe leo.