Jicho na Maji Yake



Furu tuliowavua utotoni wana somo. Katika Ghuba ya Mwanza wako wa aina mbili walio ndugu: wa buluu, wakaao karibu na uso wa maji, na wekundu, wakaao chini zaidi, ambao wataalamu wamewapa jina la Mwalimu Nyerere. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa wa juu huona buluu vizuri zaidi, na wa chini nyekundu, kulingana na mwanga uwafikiao. Hakuna aliye mwongo.

Lakini ziwa halitulii. Maji yalipochafuka rangi zilififia, majike wakashindwa kuwatambua madume wa aina yao, na aina hizo zikachanganyika.

Nami, mtumishi wa Serikali, niliwahi kuandika mezani kwamba wavuvi fulani ni wabishi, kwa kukataa kurudi katika mwalo wao. Nilipokwenda huko mwaka 2020 nikakuta mwalo umemezwa na maji. Jalada langu lilikuwa la ziwa la jana.

Wanafunzi, someni sana. Kisha nendeni mkatazame tena.