Bunge la Mfano kwa Wanafunzi wa Gerezani

Bunge la mfano ni zoezi la mwisho wa juma ambapo wanafunzi hushika nafasi za Spika, mawaziri na wabunge. Kutoka Gerezani, kata ya jiji la Dar es Salaam, Ukumbi wa Karimjee, ambako Bunge lilikuwa likikutana kabla ya kuhamia Dodoma mwaka 1996, si mbali. Hoja nazo zipo mlangoni: wamachinga wanaopanga bidhaa kando ya barabara za Kariakoo wanatosha kuzua mjadala. Muswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, kisha hujadiliwa. Kwenye kamati ndipo penye kazi hasa, ingawa wengi hukimbilia kipaza sauti. Anayetaka kumkatiza msemaji husimama, husema "kuhusu utaratibu" na kutaja kanuni iliyovunjwa. Hatimaye Spika huwahoji wabunge: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo.