Radio ya Kale ya Baba

Leo twataka kusema habari za kazi ya mikono ifanyikayo mezani nyumbani, nayo ni kutengeneza radio ya kale ya stereo. Baadhi yenu mnayo kabatini. Wazee waliinunua katika miaka ya 1970. Sasa imenyamaza, na juu yake kimetandikwa kitambaa. Msiitupe. Lakini pia msiifungue kwa haraka. Nitawaeleza sababu, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Baba yangu alifanya kazi mgodini hapa Kambove. Radio yake ilikaa sebuleni, yenye sanduku la mbao na spika mbili. Nilipokuwa na miaka 19 ilizimika ghafula. Nikaifungua, nikaona fyuzi imekatika. Fyuzi nyingine sikuwa nayo, wala sikutaka kungoja mtu aende sokoni Likasi, mwendo wa kilomita 25 hivi. Nikachukua uzi wa shaba, nikaufunga mahali pa fyuzi. Radio ikawaka kwa muda mfupi tu. Kisha spika ya kushoto ikanguruma, ikatoa moshi. Nikauondoa ule uzi, nikafunga sanduku. Baba aliporudi nikamwambia, “Ni umeme uliopanda.”

Wakati ule jirani yetu alikuwa amepata ruhusa ya kuunga waya wake nyumbani kwetu, apate taa. Baba akadhani waya ule ndio ulioleta hasara. Akaukata jioni ile ile. Jirani akakaa gizani, na tangu siku ile wazee wale wawili hawakusalimiana. Nami nilinyamaza.

Basi, fyuzi ni nini? Ni uzi mwembamba uliopimwa, ambao hukatika ili vyombo vingine vipone. Ikikatika yatuambia: ndani mna ubaya, tafuteni kwanza. Katika radio ya baba, transista moja kubwa ya upande wa kushoto ilikuwa imekufa. Fyuzi ilisema kweli, nami nikaiziba kinywa. Umeme ukapita moja kwa moja mpaka spikani, ukaiunguza koili yake.

Miaka zaidi ya ishirini ilipita. Baba alizeeka, akawa asikiliza habari kwa kiradio cha betri alichokishika sikioni. Nikaona haya, nikaanza kuitengeneza radio yake. Sikilizeni utaratibu wake.

Kwanza, chomoeni waya ukutani. Hata hivyo msiguse bado. Ndani mna kapasita, yaani vikopo viwekavyo akiba ya umeme, na vile vikubwa vyaweza kumpiga mtu hata radio ikiwa imechomolewa. Ngojeni, kisha pimeni kwa mita. Akiba ikiwapo bado, imwageni polepole kwa kupitisha umeme katika rezista iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Msiigusishe bisibisi. Tena watoto wasikae karibu.

Pili, safisheni. Vumbi letu jekundu huingia kila mahali, na mende hupenda joto la radio. Tumieni brashi laini. Kama sauti hukwaruza mnapozungusha kifundo chake, mara nyingi ubaya ni uchafu tu: tieni ndani dawa ya kusafishia viungo vya umeme, mkizungushe mara nyingi huku na huku.

Tatu, tazameni kwa macho. Kapasita iliyovimba kichwani au iliyovuja yafaa kubadilishwa. Mpya iwe na kipimo kile kile cha uwezo. Volti zake ziwe sawa au kupita, zisipungue kamwe. Upande wa kutoa uwekwe mahali pa kutoa: mkigeuza, yaweza kupasuka.

Nne, na neno hili ndilo kubwa. Radio ya stereo ina sauti za pande mbili, na kazi ya upande wa kushoto ni sawasawa na ile ya upande wa kuume. Hata asiye na karatasi ya mchoro anao mwalimu humo ndani. Pimeni kipande cha upande mzima, andikeni hesabu yake. Kisha pimeni ndugu yake katika upande mgonjwa. Pale hesabu zinapoachana, hapo tafuteni. Ndivyo nilivyoipata transista iliyokufa, pamoja na rezista mbili zilizoungua karibu yake.

Tano, mkiisha kulehemu, msichomeke ukutani moja kwa moja. Umeme upite kwanza katika balbu ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 60. Ikiwaka sana kidogo kisha ikafifia, ni vema. Ikibaki kuwaka sana, chomoeni: ubaya bado upo. Tena pimeni matundu ya spika kabla ya kuziunga. Volti za umeme wa moja kwa moja zikaribie sifuri. Mwisho wekeni fyuzi ya kipimo kilichoandikwa. Uzi wa shaba usiwekwe tena.

Spika mpya niliipata Likasi, yenye ome 8 kama ya zamani. Fundi akanionyesha kwamba sumaku zake ni mbali. Ile ya kale ilitiwa kobalti, madini ya nchi yetu. Vita vya Shaba vya mwaka 1978 vilipofika Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda sana ulimwenguni, na watengenezaji wengi wa spika wakaiacha, wakashika sumaku nyeusi za feriti. Nikafikiri: hata vita ya kwetu yasikika katika vyombo vya watu wa mbali. Je, uongo wangu wa sebuleni haukufika kwa jirani?

Usiku ule radio ilisema pande zote mbili. Baba alifurahi sana. Nami nikamwambia yote. Alizima radio, akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, “Mwanangu, kesho utanishika mkono twende kwake. Neno hili utalisema wewe.”

Tulikwenda. Nililisema. Yule mzee hakucheka, wala hakunikumbatia. Aliniuliza tu kama najua miaka mingapi imepita. Lakini jioni ya Jumapili alikuja na kiti chake, akaketi karibu na spika ya kushoto.

Sasa tukumbuke somo kwa maswali.

Fyuzi ikikatika tufanye nini? Tutafute sababu kwanza, kisha tuweke fyuzi ya kipimo chake.

Radio iliyochomolewa haina hatari? Yaweza kuwa nayo, maana kapasita huweka akiba ya umeme.

Upande mgonjwa twaujuaje? Kwa kuulinganisha na upande mzima.

Na aliyeharibu chombo cha mwingine afanye nini? Aseme kweli, kisha atengeneze.